Daktari Mukwege: Njia ya tuzo ilianzia kwa mama anayejifungua

Bukavu – Ijumaa tarehe 5 Oktoba 2018, Daktari Denis Mukwege alikuwa ndani ya chumba cha upasuaji katika hospitali ya Panzi, mtaa wa Ibanda. Alikuwa akifanya upasuaji wa pili siku hiyo aliposikia watu wakilia. Kilikuwa kilio cha furaha: habari ilikuwa imefika kutoka Oslo kwamba yeye na Nadia Murad, mwanamke Myazidi wa Iraki, wamepewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mkongomani hakuwa amewahi kuipata.

Kabla ya hapo alishapokea tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2008, tuzo ya Right Livelihood ya Uswidi mwaka 2013, na tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya mwaka 2014. Zote zinataja kazi yake kwa wanawake waliobakwa vitani. Lakini safari ya daktari huyu ilianza kabla ya vita, kwenye uzazi.

Mwenyewe alizaliwa nyumbani, Bukavu, mwaka 1955. Kitovu chake hakikukatwa vizuri, akapata maambukizi yaliyokaribia kumuua. Aliponyeshwa kwa penisilini, baada ya mmisionari mwanamke kutoka Uswidi kumtetea apokelewe kwenye zahanati. Alipokuwa na miaka minane, alimfuata baba yake, mchungaji, kumuombea mtoto mgonjwa. Akauliza kwa nini baba hatoi dawa pia. Baba akajibu kwamba yeye si daktari.

Mwaka 1983 alimaliza masomo ya udaktari Bujumbura, akaenda kufanya kazi hospitali ya Lemera, wilaya ya Uvira, akiwa na nia ya kutibu watoto. Huko milimani aliona mama wakifikishwa wakiwa wanavuja damu baada ya safari ndefu ya miguu au kubebwa. Wengine walifika wakiwa wamechelewa. Akabadili mpango: alikwenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, kisha mwaka 1989 akarudi Lemera.

Oktoba 1996 vita viliifikia hospitali hiyo, na wagonjwa wakauawa vitandani mwao. Mwaka 1999, Panzi ilipoanza chini ya kanisa la CEPAC, lengo lilikuwa maternite: mahali ambapo mama anaweza kupasuliwa mtoto anapokwama. Lakini mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Baada yake walikuja wengine, maelfu.

Kazi hizo mbili zinakutana kwenye ugonjwa mmoja, fistula. Ni tundu linalofunguka kati ya uke na kibofu au njia ya haja kubwa, na mama anavujisha mkojo au choo bila kujizuia. Linaweza kutokana na ubakaji, na pia na uchungu wa siku nyingi bila msaada wa daktari. Mwaka 2015, akiwa na miaka 60, Mukwege alipata shahada ya juu kabisa katika Chuo Kikuu Huria cha Brussels kwa utafiti juu ya fistula hizo.

Heshima nyingine ilitoka karibu zaidi. Tarehe 25 Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba yake Bukavu, mlinzi wake akauawa, naye akakimbilia Ulaya na familia yake. Wanawake wa kisiwa cha Idjwi wakaanza kuuza mananasi na vitunguu ili wamlipie tiketi ya ndege ya kurudi. Januari 2013 alirudi, na umati ukampokea barabarani.

Mwaka uleule, 2013, ulianza uchunguzi wa kitaifa wa afya uliomalizika 2014. Ulihesabu vifo 846 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai nchini Kongo. Wengi wa mama hao wanakufa kwa kutoka damu, kwa maambukizi au kwa mtoto kukwama, mambo yaleyale kijana daktari aliyakuta Lemera. Dawa na upasuaji wa kuyatibu vinajulikana. Kinachokosekana mara nyingi ni barabara, mkunga na damu ya kuongezewa, vikiwa karibu na mama siku anaposhikwa na uchungu.