Mutu akiumia mu magazini yako, nani atalipa?

Zungukeni kidogo mu kartie zetu za Lubumbashi, Likasi, Kipushi ao Kolwezi. Ni barabara gani haina alimentasio, depo ya unga ao kibanda cha kuuza misumari na rangi? Zamani haikuwa hivi. Baba alipata posho yake ku kantini ya kampuni, mama alienda nayo nyumbani, basi. Lakini mwaka 1990 mine ya Kamoto iliporomoka, kazi ikaanza kupunguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliacha kazi kwa kile walichoita «départs volontaires». Wengi kati yao walichukua ile feza kidogo ya mwisho, wakavunja ukuta mumoja wa nyumba, wakaweka mulango wa chuma upande wa barabara: magazini hii hapa!

Hakuna ubaya. Biashara ile imesomesha watoto wengi wa parokia zetu. Lakini kuko kitu kimoja kinatushangaza. Baba yule alijua sana mambo ya sekurite. Chini ya udongo hakupita bila kaske. Asubuhi, mbele ya kuanza kazi, waligonga jiwe la juu na chuma kirefu, wakasikiliza: kama sauti ni ngumu, ingieni, kama inalia sawa ngoma iliyopasuka, mutu asipite. Sasa mutu yuleyule amepanga mifuko ya unga ya kilo 25 mupaka ku plafo, na chini yake kunasimama mutoto wa miaka sita aliyetumwa kununua chumvi. Hagongi kitu, hasikilizi kitu. Sababu gani? Sababu hapa hakuna shefu wa kumuangalia, na yule anayeweza kuumia si yeye, ni mununuzi.

VITU VINAVYOANGUSHA WATU

Tuanze na chini, sababu ni chini kunakoumiza watu mingi. Wamama wetu wanapenda simani iliyopigwa sira nyekundu, inang'aa sawa kioo. Ni mizuri kweli. Lakini kutoka mwezi wa 11 mupaka mwezi wa 4 mvua inanyesha, kila mutu anaingia na matope ku viatu, na simani ile inakuwa sawa sabuni. Tena mafuta ya ngazi: mwenye kuuza anapima ku chupa, yanadondoka kidogo, anafuta na karatasi, anafikiri imekwisha. Haijakwisha. Mafuta yanatoka na maji ya moto na sabuni, ao yanafunikwa na muchanga ao vumbi ya mbao, kisha yanafagiwa. Ku mulango, gunia kavu mbili zinatosha: moja inatumika, ingine inakauka. Mama mujamuzito, ao koko mwenye mifupa imezeeka, akianguka pale si mambo ya kucheka. Kwa muzee, kuvunja mufupa wa paja inaweza kuwa mwisho wa kutembea.

Kisha muangalie juu. Kitu kizito kikae chini, kitu chepesi juu. Ndivyo kila mutu anasema, na karibu kila mutu anafanya kinyume, sababu mifuko ya unga inauzwa mizima na biskuti inauzwa moja moja, basi biskuti zinabaki karibu na mukono. Kasie za bia zikipita urefu wa kifua cha mutu, mutoto mumoja akizisukuma zinaanguka zote. Rayo ya mbao isipofungwa ku ukuta na misumari mirefu, siku moja itafuata mutoto anayepanda juu yake kutafuta bombo.

Mbele ya magazini kuna mufereshi. Kile chuma kilichofunika mufereshi kimeibiwa na kuuzwa ku wale wanaonunua mitraye, na mwenye magazini ametupa pale ubao mumoja. Ubao ule unaoza. Usiku, hakuna kura, mununuzi anakuja na tochi ya simu…

Kuko pia mambo yasiyoonekana. Watu wanauza petroli na soda kostiki ya kutengeneza sabuni mu chupa za limonade na za maji. Soda kostiki inaunguza koo ya mutoto kwa mara moja tu. Hata akipona, miaka yote njia ya chakula inaweza kubaki imefungwa nusu. Chupa ya kinywaji isitiwe kitu kingine hata siku moja. Na kura ikikatika, grupu linawashwa. Moshi wake uko na gazi ambayo haina harufu wala rangi, inaua mutu akiwa anasinzia tu. Grupu likae inje, mbali na dirisha, si nyuma ya kontwari sababu ya kuogopa wezi!

Wezi, tuseme neno juu yao pia. Sababu yao tunaweka mulango mumoja tu, wa chuma, na mara nyingi tunaufunga na kufuli watu wakiwa ndani. Muji wa Asunción, inchi ya Paragwai, tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2004, moto uliwaka mu magazini kubwa iliyoitwa Ycuá Bolaños. Wale waliopona walisema milango ilifungwa ili mutu asitoke bila kulipa. Watu zaidi ya 300 walikufa, wazazi na watoto, ilikuwa siku ya Mungu. Mwaka 2008 tribinali ilimukatia kifungo cha miaka mingi mwenye magazini, na mwana wake pia, na mulinzi mumoja. Bila shaka mulinzi alifikiri anafanya kazi yake muzuri.

Hata hapa kwetu tumeona. Tarehe 2 mwezi wa 2 mwaka 2022, ku soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, waya wa kura kubwa ulikatika ukaanguka juu ya watu, mvua ikiwa imejaza maji chini. Watu 26 walikufa, wengi wamama waliokuja kuuza na kununua. Hatusemi hapa nani alikosa. Lakini mwenye kujenga kibanda chake chini ya waya wa namna ile ajue mahali anapoita watu.

«NI WEWE HUKUANGALIA, MAMA!»

Njo maneno ya kwanza mununuzi anasikia kisha kuanguka. Ao: «Ni mapenzi ya Mungu.» Ao tena, na hii ni mubaya zaidi, wanaanza kutafuta nani amemuloga. Ndugu zangu, mafuta yaliyomwagika chini hayahitaji mulozi.

Sheria yetu haisemi vile. Iko ya zamani sana: dekreti ya tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 1888, na mupaka leo tribinali za Kongo zinaitumia. Inaitwa Kode sivili, kitabu cha tatu. Artikle 258 inasema, kwa ufupi, kwamba mutu akiletea mwenzake hasara kwa kosa lake, lazima airudishie. Artikle 259 inaongeza jambo ambalo watu wengi hawalijui: si paka kile ulichofanya, hata kile ulichoacha kufanya, uzembe wako na kukosa uangalifu wako, unakijibia. Kwa hiyo kusema «mimi sikumusukuma» hakusaidii kitu. Uliacha mafuta chini.

Artikle 260 inaenda mbali zaidi. Unajibia pia watu wanaofanya kazi chini yako, na vitu unavyovilinda. Kama mupwa wako anayeuza mu magazini ameangusha mufuko juu ya mutu, usiseme: «Enda umuulize yeye.» Ni wewe patro. Kama rayo yako imeanguka, ni rayo yako. Na artikle 262 inamutazama mwenye nyumba: nyumba ikibomoka sababu haikutunzwa ao ilijengwa vibaya, mwenye nyumba analipa.

Hapa lokatere wengi wanauliza: «Mimi ninapanga tu, mwenye parsele ni mwingine. Nani atalipa?» Inategemea kitu kilichoumiza. Ukuta umeanguka sababu misingi ni mibaya? Kwanza ni mwenye nyumba. Rayo, kasie, mafuta, grupu? Ni wewe uliyeviweka. Na kama uliona ukuta unapasuka, ukanyamaza, ukaendelea kuingiza watu, juji anaweza kuwashika wote wawili. Basi ukiona ufa, muandikie mwenye nyumba karatasi, weka tarehe, ubaki na kopi. Maneno ya ku mulango hayabaki.

Ili mununuzi alipwe, aonyeshe mambo matatu: kosa, hasara, na kwamba hasara imetoka katika kosa lile. Hasara si dawa na hospitali peke yake. Ni pia siku ambazo hakuweza kufanya kazi, na maumivu. Lakini mununuzi naye si malaika. Kama alipita nyuma ya kontwari ambako walimukataza, ao alikuja akiwa amelewa, juji ataangalia sehemu yake ya kosa, na malipo yatapungua ao yatakosekana kabisa.

Tena kuko sheria ya penali, artikle 52 mupaka 54. Mutu akiua ao akiumiza mwenzake bila kukusudia, kwa kukosa kuona mbele na kukosa uangalifu, anaweza kufungwa: kwa kifo, kutoka miezi 3 mupaka miaka 2, kwa kidonda, kutoka siku 8 mupaka mwaka 1, na amande juu. Wengine wanabandika karatasi ku ukuta: «Nyumba haijibii kitu.» Karatasi ile haifuti sheria ya penali. Tuseme wazi, inaonyesha tu kwamba mwenye magazini alijua kuko hatari.

Wanaosoma Biblia hawatashangaa na sheria hii. Fungueni Kumbukumbu la Torati 22, mustari wa 8: anayejenga nyumba mupya aweke ukingo juu ya paa, mutu asianguke na damu yake kuhesabiwa juu ya nyumba ile. Na Kutoka 21, mistari 33 na 34: mutu akichimba shimo bila kulifunika, na ng'ombe ya mwenzake ikaanguka ndani, mwenye shimo alipe. Kama ng'ombe inalipwa, koko wa kartie je?

KAMA IMETOKEA

Kwanza mutu, kisha maneno. Mugonjwa aliyeanguka vibaya, asiyeweza kusimama, musimuvute kwa mikono. Mumubebe juu ya mulango ao ubao mupana, mumupeleke hospitali. Patro alipe garama ya kwanza bila kungoja kujua nani alikosa. Kulipa dawa si kukubali kosa, ni utu, na mara nyingi kunatuliza roho za jamaa kuliko avoka watatu.

Mununuzi aombe karatasi ya munganga inayoonyesha kidonda na siku za kupumzika, achunge kila risiti ya dawa, na aandike majina ya walioona. Jamaa nyingi za kanisa zinapenda kusikilizana mbele ya wazee, na ni muzuri: tribinali inachukua miezi na inakula feza. Lakini mapatano yaandikwe: ni kiasi gani, kitalipwa siku gani, nani alikuwa shahidi. Tumeona urafiki wa miaka makumi mbili ukivunjika sababu ya «nitakupa kidogo kidogo». Kama patro anakataa kabisa, kuko OPJ na parke kwa upande wa penali, kuko tribinali kwa malipo. Na mapatano ya wazee hayazuie parke kama mutu amekufa.

Kwa vijana, maana ni ninyi munaobaki mu magazini patro akienda Kasumbalesa kutafuta bidhaa. Musifikiri mutajificha nyuma yake. Kwa malipo, yeye anajibu. Lakini kosa la penali ni la mutu mwenyewe aliyelifanya: kijana aliyefunga kufuli watu wakiwa ndani, ao aliyetia soda kostiki mu chupa ya limonade, anaweza kuitwa mbele ya juji kwa jina lake. Patro akikutuma kufanya hivyo, mukatae kwa heshima, na mumuambie mbele ya mutu mwingine: «Tata, hii chupa tutaiandika, na tutaiweka juu mu kabati yenye ufunguo.» Akikasirika, muende kwa mama. Mama, mara nyingi, ndiye anayeshika ufunguo wa kabati.