Haya Isitunyime Haki: Kuomba Bima ya Afya ya Serikali

Imekuwa ada katika misikiti yetu ya Pwani kwamba baada ya swala ya Ijumaa hutangazwa mchango kwa ajili ya muumini aliyelazwa hospitalini. Waumini hutoa, na malipo yao yako kwa Allah Subhanahu wa Taala. Lakini sisi tunaohesabu fedha hizo katika kamati tunaliona jambo ambalo mtoaji halioni. Mara nyingi mchango haulifikii deni, na mara nyingi deni lenyewe lisingekuwa zito kiasi hicho lau familia ile ingalikuwa na bima ya afya kabla ya maradhi kubisha hodi.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya zamani ya NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo sote tunaijua kwa jina la SHA. Sheria iliyoiunda ni ya mwaka 2023, nayo inamtaka kila mkazi wa Kenya ajisajili. Kujisajili hakulipiwi. Mtu aweza kufanya hivyo kwa simu ya kawaida kwa kubonyeza *147#, au akaenda katika kituo cha afya au ofisi ya Huduma, au akasaidiwa na mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaani kwake. Kinachohitajika ni kitambulisho cha taifa, na vyeti vya kuzaliwa kwa ajili ya watoto. Mchango wa mwenye nyumba humhifadhi yeye, mwenzi wake na watoto wanaomtegemea, basi na aandikishe jina la kila mmoja.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Kujisajili na kulipa ni mambo mawili mbalimbali. Aliyejisajili tu hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vilivyo katika mpango huu, yaani daraja la pili na la tatu, kwa gharama ya Hazina ya Afya ya Msingi. Lakini akihitaji kulazwa au kupasuliwa katika hospitali ya daraja la nne na kuendelea, hapo huangaliwa kama mchango wake wa mwaka umelipwa. Wapo wagonjwa waliofika hospitalini wakiwa na yakini kwamba wamehifadhika, kwa sababu tu walipokea ujumbe wa kuthibitisha usajili.

Mchango wenyewe ni asilimia 2.75 ya kipato. Mwajiriwa hukatwa kila mwezi katika mshahara wake. Asiyeajiriwa, kama vile mvuvi, hamali, fundi cherehani au mama anayeuza mahamri na mbaazi, hufanyiwa tathmini ya uwezo kwa kuulizwa maswali kuhusu maisha yake: nyumba imejengwa kwa nini, maji yanatoka wapi, chakula kinapikwa kwa nishati gani, na kadhalika. Majibu hayo ndiyo yanayokadiria kipato chake, na mchango hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kwa kuwa hulipwa kwa mwaka mzima, kiwango cha chini ni shilingi 3,600 kwa mkupuo mmoja. Ama wale wasiojiweza kabisa, sheria imeweka jukumu la kuwalipia juu ya serikali, na mnamo Oktoba 2025 ulizinduliwa mpango wa kuwalipia watu milioni 2.2.

Ni katika maswali haya ya tathmini ambapo tunaziona familia zetu zikipoteza haki yao, na sababu yake ni haya. Mzee wa heshima, akiulizwa na kijana wa mtaani mbele ya wakwe na majirani, huona uzito kusema kwamba jiko la gesi alilopewa na mwanawe halijatiwa gesi kwa miezi kadhaa, au kwamba nyumba anayoishi ni ya urithi wa ndugu saba na yeye ana chumba kimoja tu. Basi hujibu kwa namna ya kuilinda hadhi yake, na makadirio hutoka ya mtu mwenye uwezo. Suratul-Baqara, katika aya ya 273, imewataja mafakiri wa namna hii, ambao staha yao huificha dhiki yao. Haya ni katika imani, lakini kueleza hali yako mbele ya anayetakiwa kuijua si kuombaomba. Ni ushahidi, na ushahidi hutolewa kama ulivyo.

Upande wa pili nao una haki yake. Mwenye maduka mawili anayejieleza kama maskini anakula nafasi ya mjane. Fungu la wasiojiweza lina kikomo, na anayeingia humo kwa uongo amemtoa mwenzake. Na aliyesema kweli kisha akakadiriwa zaidi ya uwezo wake asikate tamaa, aombe tathmini irudiwe. Tunashauri aende na mtu wa kumsaidia kueleza, na ikiwezekana maswali yaulizwe faraghani.

Wapo pia ndugu wanaojizuia kwa kuhofia kwamba bima ni haramu. Hofu hiyo ni ya mcha Mungu na inastahili jibu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Jeddah mwaka 1985, lilikataza bima ya kibiashara yenye ada maalumu, likaruhusu bima ya ushirikiano iliyojengwa juu ya kuchangiana. Mfuko wa umma ambao wenye afya huwachangia wagonjwa, bila wenye hisa wanaotafuta faida, uko karibu zaidi na ushirikiano huo kuliko biashara. Mwenye shaka na amuulize shekhe wake kabla hajaugua. Vivyo hivyo anayetaka kutumia mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao mtu hukopeshwa mchango wa mwaka akalipa kidogo kidogo, asome masharti ya mkopo huo kwanza, kwani riba haihalaliki kwa kuwa ndogo.

Kwa hiyo tunazipendekezea kamati za misikiti mambo mawili. La kwanza, kila msikiti uwe na vijana wawili, mwanamume na mwanamke, watakaowasaidia wazee na wajane kujisajili na kujibu maswali kwa ukweli. La pili, familia iliyokosa ufadhili wa serikali nayo haina shilingi 3,600, na itazamwe katika zaka na sadaka zetu kabla ya maradhi. Kiasi hicho ni kidogo mno kikilinganishwa na deni tunalolitangazia mchango baada ya swala, na mwenye kukipokea hahitaji kutajwa jina mbele ya safu.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kusitiriana. Wabillahi tawfiq.