VULI NA NDEGE WA SAFARI KANDO YA MAZIWA YA BONDE LA UFA

Wafasiri wetu wamezoea kuyaita "vuli" yale majira ya Ulaya ambayo majani ya miti hupukutika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mazoea hayo hufunika tofauti kubwa ya maana, na kwamba ndege wasafirio baina ya mabara hayo ni mashahidi wema wa tofauti hiyo.

Kwa Mswahili, vuli ni mvua kwanza, ndipo ikawa majira: mvua chache zinyeshazo kati ya Oktoba na Desemba. Ni wakati wa kuanza. Ardhi hulowa na nyasi huchipua. Majira yale ya Ulaya ni wakati wa kukoma. Mchana hufupika, wadudu hupotea, na maji ya kaskazini ya mbali huganda. Basi ndege akimbiaye njaa ya kule huja kukuta shibe ya huku, na sisi twaziita hali zote mbili kwa neno moja.

Asimamaye alfajiri ya Oktoba ufukoni mwa Elementaita au Nakuru huwaona vitwitwi wakikimbia juu ya tope. Mmoja wao, mwenye uzito wa gramu 30 hivi, huzaliana katika nchi za baridi kali kutoka Norwei hadi Siberia. Huyu haingoji vuli. Huanza kufika Agosti, na wengi hukaa hadi Aprili. Huko kwao huishi miezi michache tu. Je, ni haki kumwita mgeni?

Jua likipanda huja zamu ya ndege wawindao. Tai na vipanga wenye mbawa pana hupaa kwa hewa ya moto inayoinuka kutoka nchi kavu. Juu ya maji hewa hiyo ni haba, ndiyo sababu wengi wao hupita kandokando ya ziwa badala ya kulikata katikati. Tai wa nyika za Asia, atokaye Kazakhstan na nchi jirani, huwasili mvua zinapoanza. Ingawa ni mkubwa, aghalabu hutua chini akala kumbikumbi watokao ardhini baada ya mvua. Kwake yeye vuli ni vuli kwa maana yetu hasa.

Kozi wa Amur ana habari ya ajabu zaidi. Hutoka mashariki ya Asia, akapitia Bara Hindi, kisha akaivuka Bahari ya Hindi kwa mwendo wa kilometa zipatazo 3,000, akisukumwa na pepo za kaskazi. Ni pepo zile zile zilizoleta majahazi pwani yetu. Hivyo msamiati wa mabaharia wetu, kaskazi na kusi, humweleza ndege huyu kwa usahihi kuliko majina ya majira yaliyofasiriwa.

Jambo hili si la kamusi tu. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda, na sehemu nyingi za tope la ufukoni zimefunikwa. Kitwitwi, mwenye miguu mifupi, hawezi kulisha tumbo lake katika kina. Tai wa nyika za Asia naye tangu 2015 amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Mwanafunzi aambiwaye kwamba wote ni "mwewe" tu, nao huja "vuli" wakitoka "vuli", atajuaje nani amepungua, na lini?

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Kwanza, neno vuli libakie kwa mvua zake, na ya Ulaya yaitwe majira ya kupukutika majani. Pili, wanafunzi wetu watumwe kwa wavuvi na wafugaji wa kando ya maziwa, wakusanye majina ya ndege kwa lugha zote za huko, kabla ya majina hayo kuhama bila kurudi.