Kijiko Kimegoma: Je, ni Umeme au Haidroliki?

Mafuriko ya Aprili 2024 katika wilaya za Rufiji na Kibiti yalionyesha jinsi mtaro uliozibwa au tuta lililobomoka linavyoweza kumgharimu mkulima shamba zima. Kazi ya kuzibua na kuinua haimalizwi kwa jembe peke yake. Ndiyo maana vikundi vya wakulima, wafugaji wa samaki na wenye viwanja huchanga fedha na kukodi ekskaveta, mtambo ambao wengi wetu huuita kijiko. Sehemu hii ya kijitabu imeandikwa kwa ajili ya mlaji huyo, pamoja na mmiliki mdogo aliyenunua mtambo uliokwisha kutumika na sasa yumo mikononi mwa mafundi.

Mtambo unaposimama katikati ya kazi, mara nyingi husikika kauli moja: pampu imekufa. Pampu kuu ni miongoni mwa vipuri ghali kuliko vyote katika mfumo wa haidroliki, na kauli hiyo wakati mwingine hutolewa kabla hata kipimo kimoja hakijatumika. Hatusemi kwamba pampu haifi. Tunachosema ni kwamba kifo chake huacha ushahidi, na mlaji ana haki ya kuuona kabla ya kufungua mkoba.

Kwanza tuelewe mtambo wenyewe. Injini ya dizeli huzungusha pampu. Pampu husukuma mafuta. Vali huyaelekeza kwenye silinda za mkono na ndoo au kwenye mota za cheni. Katika mtambo wa tani 20 hivi, shinikizo la mafuta hayo hufikia takriban bar 340, yaani zaidi ya mara mia moja ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo. Umeme ni wa volti 24, unaotoka kwenye betri mbili za volti 12, na kazi yake si kuwasha injini tu. Katika mitambo ya kisasa, kompyuta ndogo huiamuru pampu itoe mafuta kiasi gani. Kwa hiyo mkono mzito unaweza kutokana na waya wenye kutu, ingawa dalili yake inafanana kabisa na ya pampu iliyochoka. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Swali la kwanza la kumwuliza mwendeshaji ni hili: ni kitu kimoja kilichogoma, au vyote? Ikiwa ndoo pekee ndiyo dhaifu, na mkono, cheni na mzunguko viko sawa, ni vigumu kuilaumu pampu, kwa kuwa pampu hiyohiyo huhudumia sehemu nyingine. Shaka iende kwenye silinda ya ndoo, vali yake au mpira wake wa mafuta. Ikiwa injini inanguruma vizuri lakini hakuna kinachosogea hata kidogo, ianze kukaguliwa leva ya usalama iliyo kando ya kiti na fyuzi yake. Fyuzi ni kitu cha bei ndogo mno, na imewahi kuchukuliwa kuwa msiba mkubwa.

Ikiwa vyote vimekuwa vizito, itazamwe kwanza hali ya mafuta kwenye kioo cha tangi. Mafuta meupe kama maziwa yameingiwa na maji. Yenye povu yamevuta hewa. Kisha iulizwe kama mtambo una swichi ya dharura, ambayo huiwezesha pampu kufanya kazi bila kuitegemea kompyuta. Swichi hiyo ikiwashwa na nguvu ikarudi, basi pampu inajitetea yenyewe, na uchunguzi uhamie kwenye nyaya na vihisi.

Wakati nao ni shahidi. Udhaifu unaoanza baada ya saa moja au mbili za kazi, mafuta yakiwa yamepata joto na kuwa mepesi, huelekeza kwenye uchakavu wa haidroliki, au kwenye rejeta iliyozibwa na tope. Hitilafu inayokuja na kuondoka kila mtambo unapotikisika huelekeza kwenye waya uliolegea. Upande wa delta, karibu na mikoko na vijito vya maji chumvi, viungio vya nyaya huota kutu ya kijani upesi, na tunashauri vikaguliwe kabla ya kitu kingine chochote. Kwa kipimo cha kawaida cha umeme, betri zilizojaa husoma zaidi ya volti 25 injini ikiwa imezimwa, na 27 hadi 28 hivi inapofanya kazi. Usomaji usiopanda injini inapowashwa unamaanisha kwamba alternata haichaji.

Baada ya hayo yote, kama pampu bado inashukiwa, fundi afunge geji ya shinikizo na kuandika alichosoma, pamoja na kiwango kinachotakiwa katika kitabu cha mtambo. Fundi anayekataa kufanya hivyo asilipwe fedha ya pampu.

Jambo moja halina mjadala. Mtu yeyote asipapase mpira wa mafuta kwa mkono akitafuta tundu. Mafuta yenye shinikizo hilo hupenya ngozi, na jeraha dogo kama la sindano huweza kumpotezea mtu mkono. Aliyepenywa apelekwe hospitali mara moja hata kama hasikii maumivu. Tundu hutafutwa kwa kipande cha boksi.

Kwa anayekodi, ulinzi mkubwa zaidi uko kwenye karatasi. Mita ya saa huhesabu injini inapowaka, hata kama mtambo umesimama ukisubiri fundi avuke kwa boti kutoka Nyamisati. Mkataba useme wazi kwamba saa za ubovu hazilipwi, na kwamba matengenezo na dizeli iliyoungua wakati wa majaribio ni juu ya mwenye mtambo. Usomaji wa mita uandikwe asubuhi na jioni, pande zote mbili zikitia saini. Ombi la “changieni kidogo tutengeneze” lisikubaliwe bila maandishi ya namna fedha hiyo itakavyokatwa kwenye malipo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara, na malalamiko ya aina hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani. Mlalamikaji aende na mkataba, risiti na karatasi ya vipimo. Mmiliki aliyebadilishiwa kipuri adai kile cha zamani kabla fundi hajaondoka nacho.