Kumchagulia Binti Shule Ndogo ya Bweni (2): Waulizie Walioondoka

Juma lililopita nilieleza habari za usajili: kwamba shule isiyo ya Serikali lazima isajiliwe na Kamishna wa Elimu, na kwamba mzazi ana haki ya kuuliza namba ya usajili kabla hajalipia hata fomu. Leo tuingie ndani ya shule zenyewe. Nazungumzia shule ndogo za binafsi za wasichana hapa Tanzania, zenye wanafunzi mia moja au mia na hamsini tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, ambazo baadhi ni za masista na madhehebu ya dini, na nyingine ni za mtu mmoja na familia yake.

Shule hizi nazithamini sana. Binti aliyejificha nyuma ya darasa la watoto themanini akifika huko anakutana na mwalimu anayemjua kwa jina, na anayejua juzi alikwama wapi kwenye hesabu za sehemu. Mtu mzima akimjua mtoto kiasi hicho, mengi hunyooka. Lakini uchache huohuo wa wanafunzi una namna yake ya kuficha mambo, na mzazi asiyelijua hilo hununua bango la barabarani akidhani amenunua shule.

Tuanze na matokeo, maana ndiyo yanayoandikwa kwenye mabango. Shule inatangaza kwamba wasichana wake wote 18 wamepata daraja la kwanza. Huenda ni kweli tupu. Lakini katika darasa la watahiniwa 18, binti mmoja peke yake ni zaidi ya asilimia 5 ya matokeo yote ya shule; wawili wakiugua siku ya mtihani, shule iliyokuwa ya kupigiwa mfano inaporomoka, na wawili wazito wa kuelewa wakihama kabla ya mtihani, inapanda. Baraza la Mitihani lilikuwa likilitambua jambo hili. Enzi lilipokuwa likitangaza shule kumi bora za kidato cha nne, zile zenye watahiniwa chini ya 40 ziliwekwa kundi lake. Januari 2023 Baraza liliacha kabisa kutangaza shule na wanafunzi bora, na kwa maoni yangu lilifanya vyema. Mashindano yale yalikuwa yakiwaumiza watoto.

Yalivyowaumiza ni hivi. Shule inaweka wastani wake wa ndani, tuseme 60 au 65. Asiyeufikia anakaririshwa, au mzazi anaitwa ofisini na kushauriwa kwa upole amtafutie mtoto shule nyingine. Wizara ya Elimu imekwisha kukataza mtindo huu, lakini ushauri wa mdomo hauachi barua wala mhuri. Kwa hiyo bango linasema kweli kuhusu wasichana waliofika kidato cha nne, na halisemi neno kuhusu walioondolewa njiani. Na mzazi mwenzangu, wakati unasoma bango hilo hujui binti yako atakuwa kundi gani.

Iko njia ya kuligundua jambo hili bila kumuuliza mtu. Baraza huweka kwenye tovuti yake matokeo ya kila kituo, kwa mtihani wa kidato cha nne na kwa Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili vilevile. Chukua matokeo ya kidato cha nne ya shule unayoifikiria, mathalani ya mwaka 2023, uhesabu watahiniwa. Kisha fungua kidato cha pili cha mwaka 2021, shule ileile. Ni watoto walewale, miaka miwili nyuma. Kama walikuwa 31 na sasa wamebaki 18, wale 13 wana habari ambayo shule inapaswa kukueleza. Wapo waliohamishwa kwa sababu baba kabadilishiwa kituo cha kazi, wapo walioshindwa ada, na pengine wapo walioondolewa kwa sababu ya alama. Rudia kwa miaka miwili au mitatu mingine. Mwaka mmoja unaweza kuwa bahati mbaya. Pengo likijirudia kila mwaka, huo ni utaratibu.

Ukiwa palepale kwenye matokeo, tazama safu ya masomo. Shule isiyo na Fizikia hata kwa mtahiniwa mmoja imekwisha kumwamulia binti yako kwamba hatakuwa mhandisi. Ukiona Fizikia na Kemia zipo lakini zimejaa D na F wakati Kiswahili na Historia vina A, uliza mwalimu wa sayansi ni wa kudumu au ni wa muda, anayepita mara mbili kwa wiki akitokea shule nyingine. Omba uonyeshwe maabara, na ukifika fungua bomba la maji la mezani. Bomba likitoa maji na chupa za kemikali zikiwa zimepungua, maabara ile inatumika.

Sasa fedha. Tuseme shule ina wasichana 120, kila mmoja akilipa milioni 2 kwa mwaka: jumla milioni 240. Walimu 12 kwa mshahara wa laki nane kwa mwezi wanachukua kama milioni 115. Chakula cha shilingi 3,000 kwa msichana kwa siku, kwa siku 194 za masomo, ni karibu milioni 70. Kinachobaki ni milioni 55 za kulipia umeme, maji, matroni, mlinzi, ukarabati na deni la benki. Wakiondoka wasichana 30, hata ukitoa chakula ambacho hawakula, shule imepoteza zaidi ya milioni 42. Hapo mishahara huanza kuchelewa, na mwalimu wa hisabati anaondoka mwezi wa sita. Ndiyo maana swali la kumuuliza mkuu wa shule ni walimu wangapi waliokuwapo miaka mitatu iliyopita bado wapo. Shule ndogo ni watu wachache mno, na wawili wakiondoka hiyo si shule ileile.

Bweni ndilo ninalolihofia zaidi. Juni 1994 moto uliteketeza bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo, na zaidi ya wasichana 40 wakafa. Machi 1998 wasichana 26 walikufa Bombolulu, Kwale, nchini Kenya, katika bweni ambalo madirisha yake yalikuwa na nondo. Wenye shule za wasichana huweka nondo na kufuli kwa nia njema: kuzuia wezi na wavulana wasiingie. Lakini moto ukianza ndani, nondo ileile inawazuia wasichana wasitoke. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unadai milango ifunguke kwa nje, isifungwe kwa kufuli kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani, madirisha yasiwe na nondo, na kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2. Vipimo hivyo vinafaa popote. Nenda na futi kamba. Simama kati ya vitanda vya dabodeka, upime. Uliza kufuli la usiku linafungwa upande gani, na ufunguo analala nao nani. Jibu likiwa ni kwamba matroni analala jengo jingine na ufunguo anao yeye, mimi ningemrudisha binti yangu nyumbani.

Usiende siku ya mahafali wala siku ya wazazi. Nenda Jumanne ya kawaida, kabla ya chakula cha mchana. Omba kuona vyoo vya wanafunzi, si vya wageni. Angalia kama mna maji ndani, kama milango ina komeo, kama kuna chumba cha kujisitiri na kichomea taka kwa ajili ya taulo za kike. Binti wa miaka kumi na minne asiye na pa kubadilishia hukosa vipindi kila mwezi, tena kimyakimya.

Jambo la ujauzito wazazi wengi huona haya kuliuliza. Tangu Novemba 2021 Serikali imefungua mlango kwa msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito kurudi shuleni. Muulize mkuu wa shule yeye hufanya nini likitokea, na kama shule huwapima wasichana, nani anapima, nani anaambiwa majibu, na mtoto anatunziwaje siri yake. Msikilize vizuri. Anavyomzungumzia msichana aliyepata shida ndivyo atakavyomtendea wako siku akiugua, akifeli au akifiwa.

Mwisho, usiondoke bila kuomba namba ya simu ya mzazi ambaye binti yake alihama kabla ya kumaliza. Shule nyingi zitakupa za waliofaulu. Chache zitakupa na hiyo, kwa idhini ya mwenyewe, na hizo ndizo ningeanza nazo. Juma lijalo: fomu ya maelekezo ya kujiunga, ada kwa awamu, na michango ambayo haikutajwa popote.