Sisimizi Nyumbani na Bustanini: Kabla ya Kununua Dawa

Mtumiaji anapoona msafara wa sisimizi ukipanda ukuta wa jiko, mara nyingi hukimbilia kopo la dawa ya kupuliza. Msafara hutoweka, naye huridhika. Baada ya siku chache sisimizi hurejea pale pale, na kopo jingine hununuliwa. Tunaeleza hapa kwa nini fedha hiyo hupotea.

Sisimizi wanaoonekana nje ni vibarua tu, majike ambao kazi yao ni kutafuta chakula na kukipeleka kiotani. Malkia, ambaye ndiye atagaye mayai, hubaki chini ya sakafu au ndani ya ufa wa ukuta, mahali ambapo dawa ya kupuliza haifiki. Vibarua wakifa, wengine huzaliwa. Tena kuna wale sisimizi wadogo sana wa rangi ya manjano, wenye urefu wa milimita 2 hivi, ambao wataalamu huwaita Monomorium pharaonis. Hao huwa na malkia wengi katika kundi moja, na wakipuliziwa dawa kundi huweza kugawanyika na kuhamia sehemu nyingine za nyumba. Mwenye nyumba aliyekuwa na kiota kimoja huishia kuwa na vitatu.

Kibarua aliyepata chakula huacha harufu njiani ili wenzake waifuate. Ufagio hauiondoi harufu hiyo. Maji ya sabuni huiondoa. Kwa hiyo tunashauri njia yao ioshwe, ufa wanaopitia uzibwe, na sukari, asali na mabaki ya samaki yafunikwe barabara. Desturi ya kusimamisha miguu ya kabati la chakula ndani ya makopo ya maji ni nzuri, nasi hatuoni sababu ya kuidharau, ila maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili tatu yasije yakawa mazalia ya mbu.

Hayo yasipotosha, chambo ni bora kuliko kupuliza. Chambo ni chakula kitamu kilichochanganywa na sumu iuayo polepole, kama vile asidi ya boriki. Sumu hiyo huwa kidogo kwa makusudi, kwa kuwa kibarua hana budi kufika kiotani angali hai ili awalishe malkia na mabuu. Basi mtumiaji akiona sisimizi wamekizonga chambo asishtuke, wala asiwapulizie dawa, maana atawaua kabla hawajaifikisha sumu. Matokeo huchukua siku kadhaa, pengine majuma. Chambo kiwekwe mahali ambapo watoto na wanyama hawakifikii.

Bustanini tunahimiza uvumilivu zaidi. Majimoto, wale wekundu wanaoshona majani ya miembe na mikorosho kuwa viota, huuma kwelikweli. Lakini huwinda wadudu wanaofyonza korosho na nazi changa, jambo lililochunguzwa Zanzibar tangu miaka ya 1950. Sisimizi wanaopanda mchungwa kwa wingi huenda wanafuata utomvu mtamu unaotolewa na vidukari. Waondolewe vidukari kwanza. Siafu ni wapita njia. Watoto wachanga, wagonjwa na kuku waliofungiwa bandani waondolewe, kisha siafu wapishwe. Mchwa, ingawa wengi huwachanganya na sisimizi, ni jamii iliyo karibu zaidi na mende, na dawa yao ni nyingine.

Linalotutia wasiwasi kuliko yote ni dawa inayouzwa kwa kupimwa, ikiwa ndani ya chupa ya maji au ya soda isiyo na lebo. Huenda ikawa ni kiuatilifu cha shambani kilichokusudiwa kuchanganywa na maji mengi kabla ya kutumiwa, na pengine muuzaji mwenyewe hajui. Mtoto mwenye kiu huiona chupa ya kinywaji, basi. Mtumiaji anunue chombo kilichofungwa kiwandani, chenye jina la kiambato, maelekezo kwa Kiswahili, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya usajili. Nchini Tanzania viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Risiti idaiwe na kutunzwa, kwani bila hiyo ni vigumu kuthibitisha lalamiko. Dawa isihamishwe kamwe kutoka chombo chake cha asili, hata ikiwa imebaki kidogo.

Mtu akimeza dawa asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa au mafuta kwa kubahatisha. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chombo cha dawa, kwa sababu daktari huhitaji kujua jina la kiambato. Chupa isiyo na lebo nayo ichukuliwe, ijapokuwa itamwambia daktari machache.