Kwa Nini Mvua Huja Mara Mbili kwa Mwaka

Wakulima wengi wa Kenya hungoja mvua mara mbili kila mwaka: masika, tangu Machi hata Mei, na vuli, tangu Oktoba hata Desemba. Sababu yake ni mwendo wa jua.

Jua la adhuhuri hupita juu ya ikweta mwezi wa Machi, na tena mwezi wa Septemba. Hapo nchi hupata joto jingi, na hewa iliyo juu yake huwa nyepesi, ikapanda. Pepo za kaskazi na kusi huja kujaza mahali pake, zikichukua mvuke wa bahari. Hewa ikifika juu hupoa. Mvuke hugeuka matone madogo sana, ndiyo mawingu. Na matone yakiungana yakawa mazito, huanguka. Lakini nchi na bahari hazipati joto kwa siku moja. Kwa hiyo mvua hulifuata jua nyuma kwa majuma kadhaa.

Tena, maji ya Bahari ya Hindi yaliyo upande wa Afrika yakizidi joto la kawaida, vuli huwa nyingi mno, kama mwaka wa 1961 na 1997, mito ilipofurika. Mwaka wa 1984 mvua za masika zilikosekana, na njaa ikafuata.

Basi manyunyu ya siku moja si dalili kwamba majira yameingia. Mbegu zilizopandwa kwa manyunyu hayo huota, kisha hukauka, na nyingine hununuliwa kwa fedha. Mkulima mwenye busara hutayarisha shamba mapema, lakini hapandi mpaka aone maji yamepenya udongoni.